Pampu Iwashwe Lini? Vihisi vya Udongo kwa Bustani za Handeni na Korogwe

Maji ya Mto Pangani huchotwa wilayani Korogwe na kusukumwa kupanda hadi Handeni kwa bomba la mradi wa maji wa HTM (Handeni Trunk Main). Wenye bustani wengi wako katika hali hiyo hiyo: maji hayafiki bila pampu, na kila saa ya pampu inalipiwa. Kumwagilia kwa mazoea ni kupoteza fedha. Vihisi vinavyotuma vipimo bila waya vinaweza kukuonyesha saa ya kuwasha na saa ya kuzima, ukivifunga kwa utaratibu.

1. Anza na uamuzi, kisha kifaa. Andika swali moja unalotaka lijibiwe, mfano: "Leo nimwagilie nyanya au nisubiri?" Katika skimu za Kiwere na Magozi, Iringa, wakulima walipewa vihisi vya Chameleon vinavyoonyesha rangi tatu tu: bluu ni majimaji, kijani ni wastani, nyekundu ni kavu. Wengi waligundua kuwa walikuwa wakimwagilia kupita kiasi na kuizamisha mbolea chini ya mizizi. Wakapunguza maji, mavuno yakapanda. Hakukuhitajika kompyuta kubwa.

2. Chagua kihisi kinachodumu. Epuka vile vya bei ndogo vyenye ncha za chuma zilizo wazi. Huliwa na kutu mapema. Chukua vilivyofunikwa, vinavyopima unyevu bila chuma kugusa udongo. Weka viwili mahali pamoja: kimoja sentimita 15 kwenda chini, kingine 30. Cha juu kinakuambia lini uanze, cha chini kinakuambia maji yamefika.

3. Kipime kwa udongo wako. Namba za kiwandani hazijui shamba lako. Mwagilia mpaka udongo ushibe, uache uchuje kwa siku moja au mbili, kisha andika kipimo: hiyo ndiyo 100. Kwenye kipande kidogo cha majaribio, acha mimea mpaka inyauke na isiinuke hata asubuhi: hiyo ndiyo 0. Rudia kila aina ya udongo inapobadilika.

4. Panga njia ya mawimbi. Redio za LoRa hufika kilomita kadhaa mahali pa wazi kwa umeme kidogo sana, lakini kilima huzizuia. Upande wa Mombo, chini ya Usambara, tafuta mwinuko unaoonana na mashamba yote uweke kituo cha kupokea hapo. Antena ipite urefu wa mahindi yaliyochanua, kwa sababu majani mabichi hufyonza mawimbi. Kabla ya kununua, ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, masafa na vifaa vinavyoruhusiwa.

5. Kilaze kifaa. Betri ya mAh 2,500 ikilisha kifaa kinachokula mA 20 muda wote huisha kwa saa 125, yaani siku tano. Kikilala na kuamka kila nusu saa kutuma kipimo, wastani unaweza kushuka hadi mA 0.1, na betri hiyo hiyo ikadumu miezi mingi. Udongo haubadiliki kila dakika. Usiupime kila dakika.

6. Weka viwango viwili. Pampu iwake kipimo kikishuka hadi 60, izime kikifika 90. Ukitumia kiwango kimoja, itawaka na kuzima ovyo mpaka iungue. Maji huchelewa kufika kwenye kihisi, kwa hiyo endesha pampu dakika 20, subiri yazame, pima tena. Hapo ndipo wengi hufurisha shamba: wanasubiri kihisi kiseme "basi" wakati maji ya ziada yameshamwagwa.

7. Fikiria kuharibika. Kihisi kikinyamaza, pampu izime na ujumbe ufike kwenye simu yako. Weka ukomo wa muda wa kuendesha pampu kwa siku, na boya la kuizima kisima kikikauka. Nguzo iwe ya chuma, maana mchwa hawatasaza mti. Ziba matundu ya nyaya sisimizi wasiingie, na zungushia miba mbuzi wasifike.

8. Mwezi wa kwanza, mtu aamue. Acha mtambo utoe ushauri tu, bila kugusa pampu. Kila asubuhi chimba kidogo kwa jembe, finyanga udongo mkononi, ulinganishe na namba. Vikikubaliana siku hadi siku, ukabidhi mtambo swichi. Visipokubaliana, rudi hatua ya tatu.

Wataalamu wapo nchini. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ilishiriki mradi wa WIMEA-ICT pamoja na vyuo vikuu vya Makerere, Juba na Bergen, kubuni vituo vya hali ya hewa vyenye vihisi visivyo na waya. Lakini mtambo wa shambani hutunzwa na aliye karibu nao. Tafuta kijana wa kijijini anayetengeneza redio na simu, afunge nawe tangu siku ya kwanza, na umwachie kihisi kimoja cha akiba. Anza na robo eka; ukiona bili ya pampu imeshuka na mazao hayajapungua, ongeza.