Maswali na Majibu: Blokucheni na Usalama wa Vifaa vya Intaneti
Marudio ya TEHAMA, Sinia 6

Swali 1. Kifaa kilichounganishwa ni nini? Toa mfano.
Jibu: Ni kifaa chenye kihisio kinachopima na kutuma taarifa kwa intaneti chenyewe. Tuchukue friji ya chanjo katika kituo cha afya, tuseme hapa Adumi. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na kihisio hutuma kipimo mjini Arua kila saa.

Swali 2. Kwa nini vifaa hivi hushambuliwa kirahisi?
Jibu: (a) Nywila ya kiwandani haibadilishwi. (b) Programu yake haisasishwi. (c) Kumbukumbu zote hukaa kwenye seva moja.
Mfano: programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa kujaribu nywila za kiwandani. Tarehe 21 Oktoba 2016 vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyosaidia kompyuta kuzipata tovuti kwa majina yake, na tovuti kubwa kama Twitter zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa.

Swali 3. Blokucheni ni nini?
Jibu: Ni daftari la kidijiti ambalo nakala zake hutunzwa na wengi. Taarifa hufungwa katika vitalu, na kila kitalu hubeba heshi, yaani alama ya utambulisho, ya kitalu kilichotangulia. Sarafu ya kidijiti ya Bitcoin ilianza kuitumia Januari 2009.

Swali 4. Onyesha jinsi blokucheni inavyolinda kumbukumbu za friji ya chanjo.
Jibu: Saa nane mchana umeme unakatika, friji inapanda hadi nyuzi 11. Jioni mtu anafuta 11 na kuandika 7. Papo hapo heshi ya kitalu chenye kipimo hicho inabadilika, haioani tena na iliyobebwa na kitalu kinachofuata. Nakala zinazotunzwa na kituo, wilaya na bohari ya chanjo zikilinganishwa, 11 bado ipo. Udanganyifu umeonekana kabla mtoto hajachomwa chanjo iliyoharibika.

Swali 5. Taja mipaka mitatu ya blokucheni na suluhisho la kila mmoja.
Jibu:
- Kihisio kibovu huandika uongo usiofutika. Kikaguliwe mara kwa mara.
- Kifaa kidogo hakina nguvu za hesabu nzito. Kitie sahihi kwa ufunguo wake wa siri, kazi kubwa ifanywe na kompyuta ya kituo.
- Kilichoandikwa hakifutiki, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019 humruhusu mtu kuomba taarifa zake zifutwe. Majina ya wagonjwa yasiwekwe humo.

Swali 6. “Blokucheni yatosha kulinda vifaa.” Jadili.
Jibu: Haitoshi. Hulinda kumbukumbu, haimzuii mwizi anayeingia kwa nywila ya kiwandani.

Mwanafunzi, ukikabidhiwa kifaa chochote kesho, anza kwa kubadilisha nywila, ndipo uzungumzie vitalu.