Somo la Mwezi: Kuipima Michezo ya Kompyuta kwa Amri Kumi



Katika sharika zetu za Sumbawanga na Ufipa yote wazazi wengi huuliza neno moja: Je, ni halali mtoto wa Kikristo kucheza michezo ya kompyuta? Wako wanaojibu upesi ya kuwa yote ni ya Shetani, nao huwanyang'anya watoto simu kwa ukali. Wako pia wanaonyamaza kabisa, wakifurahi kwa kuwa mtoto ametulia wala hasumbui. Sisi twaona ya kuwa makundi haya mawili, ingawa yaonekana kupingana, yana upungufu ule ule: hakuna aliyeutazama mchezo wenyewe. Kwa hiyo tumeona vema kuwapa wazazi na walimu wa shule ya Jumapili kipimo, wakitumie wenyewe nyumbani, hata juu ya mchezo ambao hatukuutaja hapa.

Someni kwanza Zekaria 8:5, 1 Wakorintho 6:12 na 1 Wathesalonike 5:21. Kisha someni Amri Kumi pamoja na maelezo yake katika Katekisimo Ndogo.

I. Kucheza si dhambi

Nabii Zekaria auona Yerusalemu uliorudishiwa amani, na alama mojawapo ya amani hiyo ni wavulana na wasichana wanaocheza katika njia za mji. Basi kucheza kwa watoto ni baraka. Martin Luther naye, alipokaa katika ngome ya Coburg mwezi wa Juni mwaka 1530, alimwandikia mwanawe Hans, mtoto wa miaka 4, barua juu ya bustani nzuri. Humo watoto hula matunda, hupanda farasi wadogo, hupiga filimbi na ngoma, hata hulenga kwa pinde ndogo. Mwenye kuandika hayo ndiye yule yule aliyetupa Katekisimo. Hakumtisha mtoto kwa sababu ya mchezo, bali alimwonya adumu katika sala na masomo.

Michezo ya kompyuta nayo haifanani yote. Mchezo wa Tetris, uliotungwa na Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984, hauna neno ila kupanga vipande vijaze safu, kama fundi apangavyo matofali. Nani awezaye kuuweka katika fungu moja na mchezo wa kuua watu barabarani? Mtu wa Ufipa avunapo ulezi hauli pamoja na makapi yake, wala hautupi wote kwa sababu ya makapi. Huupepeta. Ndivyo mtume Paulo anavyotufundisha, kwamba tuyajaribu mambo yote, kisha tulishike lililo jema. Basi ungo wetu na uwe Amri Kumi.

II. Maswali yatokayo katika Amri

Luther alipozieleza amri, mara nyingi alionyesha pande mbili: jambo tusilopaswa kulitenda, na jambo tupaswalo kulitenda. Kwa hiyo nasi tusiulize tu, "Mchezo huu una ubaya gani?" Tuulize pia, "Wamzoeza mtoto wema gani?"

Amri ya kwanza na ya tatu: moyo na wakati. Ni nani anayemtawala mwenzake, mtoto au mchezo? Shirika la Afya Duniani limeutaja uraibu wa michezo hii kuwa ugonjwa katika orodha yake ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Alama zake ni hizi: mtu hawezi kujizuia, mchezo hutangulia kazi zake nyingine, naye huendelea ingawa aona madhara. Tena kwa kawaida hali hiyo huwa imeonekana kwa muda wa miezi 12. Basi tusimwite mgonjwa kila mtoto aliyecheza hata jua likachwa. Lakini mtoto aachaye chakula, masomo na ibada ya Jumapili kwa ajili ya mchezo ameanza kutiwa chini ya bwana mwingine. Mtume alisema ya kuwa hata katika mambo yaliyo halali hatakubali kutawaliwa na kitu chochote.

Amri ya pili: jina la Mungu na mambo matakatifu. Watu husimulia ya kuwa maana ya jina la mji wetu, Sumbawanga, ni "tupa uchawi." Luther naye, katika maelezo ya amri hii, ameutaja uchawi miongoni mwa mambo yanayolivunja jina la Bwana. Michezo mingi ina wachawi na mazimwi ndani yake. Hapo yatupasa kupambanua. Hadithi ambayo mtoto aijua kuwa hadithi, kama zile za sungura na fisi wasemao, ni jambo moja. Mchezo unaomfundisha kuita pepo na kutumaini hirizi kana kwamba ni kweli ni jambo lingine.

Tuangalie mfano mmoja wa Wakristo waliolipima jambo la namna hii. Mwaka 2006 kampuni ya Sony ilitoa mchezo uitwao Resistance: Fall of Man, ambamo watu hupigana kwa bunduki ndani ya mfano wa kanisa kuu la Manchester, Uingereza. Mwaka 2007 viongozi wa Kanisa la Anglikana la Uingereza walilalamika, maana mji ule ulikuwa na taabu ya bunduki kati ya vijana wake. Sony ikaomba radhi. Tazameni jinsi walivyofanya: walionyesha mahali penyewe na sababu yenyewe, na kwa ajili hiyo walisikiwa.

Amri ya tano: uhai wa jirani. Mwaka 1992 ulitokea mchezo wa Mortal Kombat, ambamo mshindi aweza kumng'oa mwenziwe kichwa. Mwezi wa Desemba 1993 maseneta wa Marekani walifanya kikao juu ya michezo ya namna hiyo, na mwaka 1994 watengenezaji wakaunda baraza la ESRB, litiaalo alama juu ya michezo. E ni kwa watu wote, T kwa wenye miaka 13 na zaidi, M kwa wenye miaka 17 na zaidi. Katika Ulaya alama za PEGI zilianza mwaka 2003, nazo hutaja umri waziwazi: 3, 7, 12, 16 na 18. Mzazi azijue alama hizi. Aonapo M au 18, asimpe mtoto wa miaka 9.

Lakini alama pekee haitoshi. Mchezo ulionakiliwa kutoka mashine hata mashine hufika bila sanduku. Tena mwaka 2005 iligunduliwa ya kuwa ndani ya Grand Theft Auto: San Andreas mlikuwa na sehemu ya uasherati iliyofichwa, hata ESRB ikaibadili alama yake kutoka M kuwa ya watu wazima peke yao. Hapo amri ya sita nayo yaguswa. Kama wapimaji wenyewe walifichwa jambo, mzazi atategemeaje karatasi ya juu bila kutazama ndani?

Katika habari ya damu, ulizeni hivi: Ni nani anayeuawa, na kwa sababu gani? Je, mchezo wamsifu mwuaji na kumpa fedha kwa kumpiga mpita njia? Au mchezaji amlinda mnyonge? Na upande wa pili wa amri hii, yaani kumsaidia jirani, waweza nao kuonekana katika mchezo. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka 3 ili amnunulie kompyuta. Yule kijana akajifundisha mwenyewe, akatunga mchezo uitwao Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi atafutaye maji, chakula na dawa ili aokoe uhai. Mtu aliyeiona taabu ya vita akachagua kuwafundisha wenzake amani kwa chombo kile kile ambacho wengine hukifanyia mauaji ya mchezo.

Amri ya saba: mali. Hapa twawasihi wazazi wawe macho zaidi, maana hatari hii yaweza kuvaa sura ya mchezo wa mtoto. Iko mashine ya kubahatisha ambayo watu huiita dubwi, yenye taa na rangi za kupendeza. Huo si mchezo wa watoto, ni kamari. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 humkataza mtu wa chini ya miaka 18. Hesabuni wenyewe: mtoto atiaye sarafu 3 za shilingi 200 kila siku ya shule hutumia shilingi 600. Kwa siku 5 ni shilingi 3,000, na kwa majuma 4 ni shilingi 12,000. Sarafu zake zikiisha atazitoa wapi, ila katika mkoba wa mama aliyeuza maharage? Ndipo mtoto ambaye hakuwahi kuiba hujifunza kuiba nyumbani kwake, kisha kusema uongo ili afiche.

Hata katika simu mna kamari iliyofunikwa. Michezo kadhaa huuza masanduku ambayo mnunuzi hajui kilichomo mpaka amekwisha kulipa. Mwaka 2018 tume ya Ubelgiji isimamiayo kamari ilitamka ya kuwa masanduku hayo katika michezo kadhaa yavunja sheria ya kamari ya nchi ile. Basi mzazi asimpe mtoto namba ya siri ya fedha za simu.

III. Amri ya nane yatuhusu sisi tunaohukumu

Kutoshuhudia uongo ni amri hata juu ya mambo tusiyoyapenda. Wako wasemao ya kuwa kila achezaye mchezo wa vita atakuwa mwuaji. Neno hilo halikuthibitishwa. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilitamka mwaka 2020 ya kuwa ushahidi hautoshi kusema kwamba michezo hii huleta matendo ya jinai ya kuumiza na kuua, ingawa kilikiri ya kuwa michezo yenye ukatili yahusiana kidogo na ukali, kama kupiga kelele na kusukumana.

Kwa nini twawaambia hayo? Kwa sababu mtoto ajua ya kuwa amecheza wala hakumwua mtu. Akisikia wazee wake wakisema lisilo kweli juu ya jambo alijualo, atawasadiki vipi wanenapo juu ya mambo asiyoyaona, yaani juu ya Mungu na uzima wa milele? Tusiuuze uaminifu wetu kwa bei ya kutisha. Lililo baya tuliseme kuwa baya kwa sababu yake ya kweli: kwamba yafedhehesha kumfurahia mtu aumiapo, hata kama ni picha tu, na kwamba moyo wa Mkristo haufai kuzoezwa furaha hiyo.

IV. Namna ya kuitenda kazi hii

Kwanza, keti karibu na mtoto nusu saa, umwombe akuonyeshe mchezo wake. Usianze kwa kukemea. Mwambie, "Mwanangu, nifundishe." Atasema mengi.

Pili, muulize maswali ya Amri kama tulivyoyaandika, umwache ajibu yeye mwenyewe. Mtoto aliyeupima mchezo kwa akili yake ataupima hata mahali usipokuwapo, katika banda la mjini au katika simu ya rafiki.

Tatu, ukiona sharti mchezo uachwe, mwambie sababu, kisha mpe kingine badala yake: bao, mpira, kwaya, au mchezo mwingine wa kompyuta usio na ila. Nyumba iliyofagiwa na kuachwa tupu, Bwana wetu ameonya, hurudiwa na mabaya zaidi.

Nne, wazazi na washike kipimo hicho hicho juu ya simu zao wenyewe. Amri ya nne yamwagiza mtoto awaheshimu wazazi, lakini baba akaaye na simu wakati wa sala ya jioni amlemea mtoto katika kuitimiza.

V. Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Watoto wetu hucheza michezo gani? Ni nani kati yetu aliyeitazama kwa macho yake?
2. Ni mambo gani yatofautishayo mchezo wa watoto na kamari? Twawezaje kuwaonyesha watoto tofauti hiyo?
3. Je, katika nyumba zetu kuna saa ya sala isiyoingiliwa na simu?
4. Usharika wetu waweza kuwapa vijana mchezo gani mwema siku ya Jumamosi?

Bwana, aliyewaita watoto waje kwake, na atupe macho ya kuona, ulimi wa kusema kweli, na uvumilivu wa kuketi karibu nao. Amina.