Chuo cha jamii si jalala la waliofeli: Somo la kemia kutoka Marekani



Ndugu msomaji, siku moja baada ya swala ya Alasiri alinifuata mzazi mmoja hapa jijini Dar es Salaam, mtu mzima ninayemheshimu, akaniomba tukae pembeni. Kijana wake yuko Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, alikochukuliwa na mjomba wake tangu akiwa mdogo, na ana makazi halali. Mzee aliwatangazia majirani kuwa mwanawe ameingia chuo kikuu kusomea kemia. Baadaye akaja kujua kuwa kijana hayuko chuo kikuu, yuko katika kile ambacho Wamarekani wanakiita chuo cha jamii.

"Ustadh," akaniambia, "hicho si chuo cha waliofeli? Mjomba wake anasema upo mkopo wa benki wa kumwingiza chuo kikuu chenye jina. Nimwambie aache akakope? Mimi simu zake sipokei tangu mwezi uliopita, nasikia aibu."

Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba anipe muda nikalitazame jambo lenyewe. Nimeona majibu niliyompa niyaandike hapa, kwani wazazi wenye fikra kama yake ni wengi, na wengine hawana mtoto Marekani bali wana mtoto aliyepangiwa chuo cha kati hapa hapa nchini, wakaona nyumba imeingia msiba.

Chuo cha jamii ni nini?

Kwanza tufahamu asili yake. Chuo cha kwanza cha umma cha aina hii kilichodumu hadi leo kilianza mwaka 1901 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, kikiwa na wanafunzi sita. Waanzilishi wake, akiwemo rais wa Chuo Kikuu cha Chicago wa wakati huo, William Rainey Harper, waliona kuwa miaka miwili ya mwanzo ya shahada inaweza kusomeshwa karibu na nyumbani kwa mwanafunzi, kisha akaenda chuo kikuu kumalizia miaka miwili iliyobaki. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo hivi vienezwe nchi nzima, na jina la chuo cha jamii likashika. Leo vipo kama elfu moja.

Kwa hiyo hiki ni nusu ya kwanza ya safari ya shahada, kwa yule anayekusudia kuendelea. Mlango wake uko wazi kwa karibu kila aliyemaliza sekondari. Lakini ndugu msomaji, mlango kuwa wazi hakumaanishi mtihani kuwa mwepesi. Hapo ndipo wengi hukosea.

Kemia inayosomwa humo

Mwanafunzi wa kemia huanza na Kemia ya Jumla sehemu ya kwanza, kisha ya pili. Akitoka hapo huingia kemia ya viumbe vya kaboni, nayo ina sehemu mbili. Hiyo ni mihula minne inayofuatana kama ngazi za mnazi, huwezi kuiruka hata mmoja. Kila muhula una vipindi vya darasani na vipindi vya maabara, ambavyo mara nyingi huchukua saa tatu kwa mkupuo.

Nitoe mfano wa somo la wiki za mwanzo. Mwenye duka hahesabu punje za mchele, anapima kilo. Mkemia naye hawezi kuhesabu chembe kwa kuwa hazionekani kwa jicho, hivyo hupima kwa kipimo kiitwacho moli. Moli moja ya maji ni gramu 18, na ndani yake mna molekuli zipatazo 6.022 × 10²³, yaani tarakimu ishirini na nne zikiwa zimepangana.

Faida yake ni nini? Chukua magadi makali ya kutengenezea sabuni, yale akina mama wajasiriamali wanayoyaita kostiki soda. Moli moja yake ni gramu 40. Asidi ya haidrokloriki moli moja ni gramu 36.5. Vikikutana ndani ya maji, tunapata gramu 58.5 za chumvi ya kawaida na gramu 18 za maji. Jumlisha kabla, ni 76.5. Jumlisha baada, ni 76.5 vilevile. Hakuna kilichopotea wala kilichozuka. Anayejua hesabu hii anajua pia kwa nini sabuni ya jirani yake inababua mikono: kostiki imezidi mafuta, ikabaki bila kazi.

Maabarani mwanafunzi hudondosha tone moja moja kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya waridi itokee na isipotee. Tone moja likizidi, anamwaga na kuanza upya. Hufunzwa kuvaa miwani ya kinga, na kutia asidi ndani ya maji badala ya maji ndani ya asidi, kwani ukikosea maji huchemka ghafla na kukurukia usoni. Je, haya ni mambo ya waliofeli?

Aidha, walimu wa vyuo hivi kazi yao kubwa ni kufundisha. Katika vyuo vikuu vikubwa, darasa la kemia la mwaka wa kwanza linaweza kuwa na mamia ya wanafunzi. Katika chuo cha jamii darasa kwa kawaida ni dogo, na mwalimu anaweza kujua nani amekwama wapi.

Mfano ulio hai

Wapo watakaosema hayo ni maneno tu, nionyeshe aliyefika. Tarehe 8 Oktoba 2025 ilitangazwa Tuzo ya Nobel ya Kemia, wakapewa watu watatu: Susumu Kitagawa wa Japani, Richard Robson wa Australia, na Omar Yaghi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Yaghi alizaliwa Amman, Jordan, mwaka 1965, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina. Walikuwa watoto wengi katika chumba kimoja, wakikaa pamoja na mifugo ya familia. Hawakuwa na umeme, na maji yalikuwa ya tabu. Mama yake hakujua kusoma wala kuandika. Akiwa na umri wa miaka 15 baba yake alimpeleka Marekani kusoma, Kiingereza chake kikiwa kidogo. Alianzia wapi? Alianzia Chuo cha Jamii cha Hudson Valley, katika mji wa Troy, jimbo la New York. Kutoka hapo alihamia Chuo Kikuu cha Albany, na ili ajikimu alikuwa akipanga bidhaa za wateja kwenye mifuko dukani na kupiga deki. Alipata shahada mwaka 1985 na udaktari mwaka 1990 katika Chuo Kikuu cha Illinois.

Kazi iliyompa tuzo ni ya kuunganisha chembe za metali na molekuli za kaboni, zikasimama kama nguzo na boriti za nyumba yenye vyumba vingi mno. Gramu chache tu za dutu hiyo zina eneo la ndani linalokaribia uwanja wa mpira. Katika vyumba hivyo inaweza kunaswa hewa ukaa. Wamefanya majaribio katika jangwa la Arizona, ambako usiku dutu hiyo hunasa mvuke uliomo hewani, na jua likichomoza huuachia, yakapatikana maji. Mtoto aliyekulia katika tabu ya maji ndiye aliyesaidia kuyatoa maji katika hewa ya jangwani.

Na si yeye peke yake. Bruce Merrifield, aliyepata tuzo hiyo hiyo mwaka 1984 kwa njia yake ya kuunda minyororo ya protini, naye alianzia chuo cha miaka miwili huko Pasadena, California.

Suala la mkopo

Sasa turudi kwenye swali la mzee. Ada ya wastani katika chuo cha jamii, kwa mkazi wa eneo hilo, ni takriban dola 4,000 kwa mwaka. Chuo kikuu cha umma, kwa mkazi wa jimbo, ni zaidi ya dola 11,000, bado chakula na malazi. Vilevile iko ruzuku ya serikali ya shirikisho iitwayo Pell, ambayo hairudishwi, na kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni dola 7,395. Raia wenye kipato kidogo na wakazi wa kudumu wanaweza kuiomba. Mgeni mwenye viza ya masomo hapati, na ada yake huwa kubwa zaidi. Hilo nalo lijulikane kabla mtu hajauza kiwanja.

Msomaji atambue hapa penye uzito. Mkopo aliopendekeza mjomba ni wa riba, na hukumu ya riba hakuna asiyeijua. Kijana amepata njia ya kusoma miaka miwili bila riba, anaishi kwa mjomba, anakula nyumbani. Halafu sisi, kwa kuogopa maneno ya majirani, tunataka kumtoa kwenye njia hiyo tumtwike deni!

Tahadhari

Haki ni kusema pande zote. Wengi wanaoingia vyuo hivi kwa nia ya kuendelea hawafiki mwisho. Sababu zinafahamika. Wapo wanaofanya kazi usiku na kusinzia darasani. Wapo ambao hisabati yao ni dhaifu, wakaanza na masomo ya msingi, na miaka miwili ikawa mitatu au minne. Wapo waliosoma masomo ambayo chuo kikuu kilikataa kuyahesabu walipohamia.

Hivyo namnasihi kila kijana aliye katika njia hii mambo matatu. Mosi, katika muhula wa kwanza amwone mshauri wa masomo na kupata kwa maandishi orodha ya masomo yatakayopokelewa na chuo kikuu anachokikusudia. Pili, asiahirishe hisabati, kwani ndiyo ufunguo wa kemia. Tatu, akipangiwa maabara wakati wa swala, amweleze mwalimu mapema, atafute nafasi kabla au baada, asikimbie somo wala asiache swala.

Elimu yenyewe si ngeni kwetu. Neno alkali limetoka katika Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea ya chumvi. Al-Razi, aliyefariki karibu mwaka 925, alieleza vyombo vya maabara kimoja kimoja na namna ya kuvitumia. Hakuna aliyemuuliza chuo chake kina jina gani.

Nilipomaliza kumweleza mzee haya, alikaa kimya. Kisha akatoa simu mfukoni. Huku ilikuwa jioni, kule asubuhi. Kijana akapokea upesi, akasema yuko njiani kwenda maabara. Mzee hakumuuliza habari ya chuo. Alimuuliza kama amekula.

Ndugu wazazi, watoto wetu wasisome kwa ajili ya majirani. Tuwaulize wamejifunza nini na wamebakiza nini, tusiwaulize jina la geti wanaloingilia.