Usimulizi Bila Sauti: Uhakiki wa Filamu ya Körkarlen

Makala haya yanachunguza jinsi riwaya inavyobadilika inapohawilishwa kuwa filamu. Mfano tulioteua ni Körkarlen, filamu bubu ya Uswidi iliyoongozwa na Victor Sjöström na kuonyeshwa mara ya kwanza tarehe 1 Januari 1921. Chimbuko lake ni riwaya ya Selma Lagerlöf iliyochapishwa mwaka 1912. Lagerlöf ndiye mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mwaka 1909.

Msuko umejengwa juu ya imani kuwa mtu wa mwisho kufa kabla ya mwaka kwisha huliendesha gari la farasi la Mauti mwaka mzima, akikusanya roho za wafu. David Holm, mlevi anayeitesa familia yake, anapigwa na wenzake makaburini na kufa saa sita za usiku zikigonga. Anayemjia ni Georges, rafiki aliyemwingiza katika upotovu. Wakati huohuo Edit, mhudumu wa Jeshi la Wokovu, yu mahututi kwa kifua kikuu, naye anaomba aletewe David.

Je, filamu isiyo na sauti itaionyeshaje roho? Riwaya hutegemea maneno ya msimulizi. Sjöström na mpigapicha wake, Julius Jaenzon, waliupitisha ukanda uleule katika kamera zaidi ya mara moja, hata gari na mwendeshaji wake wakaonekana kama vivuli. Aidha, kisengere nyuma kimoja hubeba kingine ndani yake, na mtazamaji huyajua maisha ya David vipande vipande.

Huenda msomaji akadai kuwa toba ya David ni ya ghafla mno. Hata hivyo, tuizingatie mikono yake. Edit anakesha akilishona koti lake lililochakaa. Asubuhi David anavirarua viraka vile kusudi. Baadaye anauvunja mlango kwa shoka akimwandama mkewe na watoto. Hatimaye, akiwa roho, anamwona mkewe akitayarisha sumu ya kujiua pamoja na watoto, na mikono ileile haiwezi kumzuia. Hapo ndipo anapomsihi Georges.

Kwa hivyo, ule mwili unaopenyeka si pambo la kamera, bali ndio dhamira yenyewe: aliyeitumia nguvu yake kuharibu anaijua thamani yake akiisha kuipoteza. Uhawilishaji basi usipimwe kwa uaminifu wa matukio pekee, bali pia kwa namna sanaa mpya inavyoibeba maana kwa nyenzo zake yenyewe.