SOMO LA MWEZI: BOYA NI NINI, NA NANI ANALITUNZA?



Sukari, chai na kahawa tunazozitoa kwa jasho mashambani na viwandani zinakwenda mbali, na nyingi zinapanda meli. Wanaoziendesha meli hizo ni wafanyakazi kama sisi. Leo tujifunze habari ya chombo kimoja kinacholinda roho zao, nacho ni boya. Someni pamoja tawini, na mwisho wa somo kuna maswali ya kujadiliana.

1. Boya ni nini

Boya ni kitu kinachoelea juu ya maji lakini kimefungwa kisiende. Lina sehemu tatu. Juu kuna mwili wake, wa chuma au plastiki ngumu, na mara nyingi una taa. Chini kabisa kuna uzito, jiwe la zege au chuma, unaokaa sakafuni. Katikati kuna mnyororo unaoviunganisha viwili hivyo.

Kuna maboya ya kazi nyingi. Mvuvi hufunga dumu tupu kwenye wavu wake ili auone. Meli hufungwa kwenye boya kubwa ikingoja zamu ya kupakua. Lakini somo letu ni juu ya boya la alama, lile linalomwambia nahodha apite wapi.

Barabara ya nchi kavu unaiona kwa macho. Maji juu yote ni sawa, na mwamba uko chini. Tena kumbukeni kwamba meli ikijaa mzigo huzama zaidi majini. Mwamba uliopitwa salama asubuhi meli ikiwa tupu unaweza kuipasua jioni ikiwa imejaa magunia. Boya huonyesha jambo lisiloonekana.

2. Jinsi ya kulisoma boya

Boya husomwa kwa rangi, kwa umbo na usiku kwa taa.

Katika Afrika, Ulaya na sehemu kubwa ya Asia, meli inapoingia bandarini kutoka baharini, maboya mekundu yenye umbo la kopo huwa kushoto, na ya kijani yenye umbo la pia huwa kulia. Njia iko katikati. Ukitoka, mambo yanageuka. Katika nchi za Marekani ya Kaskazini na Kusini, Japani, Korea na Filipino ni kinyume: nyekundu huwa kulia ukiingia. Kwenye ziwa lisilopakana na bahari, wakuu wa bandari huamua upande gani uhesabiwe kuwa wa kuingia, na huuandika kwenye ramani.

Yako pia maboya ya dira, yenye rangi nyeusi na njano. Boya la kaskazini maana yake ni kwamba upite kaskazini mwake, kwani hatari iko upande wa kusini. Taa zake ni rahisi kukumbuka ukifikiria uso wa saa ya ukutani. La mashariki humetameta mara 3, la kusini mara 6 na kuongeza mmeto mmoja mrefu, la magharibi mara 9. La kaskazini humetameta bila kukoma.

Boya jeusi lenye mkanda mwekundu na mipira miwili myeusi juu linasema kuna hatari hapa hapa, na maji salama yako pande zote. Boya lenye mistari ya wima nyekundu na nyeupe linasema maji ni salama kulizunguka.

3. Jinsi dunia ilivyokubaliana

Lugha hii moja haikuja yenyewe. Mwaka 1889 nchi kadhaa zilipatana juu ya rangi, lakini taa zilipoanza kuwekwa juu ya maboya, wengine waliweka nyekundu kushoto na wengine kulia. Mwaka 1936 mapatano yaliandikwa Geneva, lakini Vita vya Pili vya Dunia vikaja kabla hayajathibitishwa. Baada ya vita kila nchi ikaendelea na njia yake. Hata kufika mwaka 1976 zilikuwako taratibu zaidi ya 30 duniani, na nyingine zilipingana kabisa.

Gharama yake waliilipa mabaharia. Tarehe 11 Januari 1971, katika mlango wa bahari wa Dover, kati ya Uingereza na Ufaransa, meli ya mafuta Texaco Caribbean iligongwa na meli iitwayo Paracas, ikazama. Kesho yake meli ya Kijerumani Brandenburg ikaja juu ya mabaki yale, nayo ikazama. Mahali pale pakawekwa alama zaidi. Hata hivyo, tarehe 27 Februari meli ya Kigiriki Niki ilipita katikati ya alama hizo, ikagonga mabaki, na wote waliokuwemo wakafa. Jumla walikufa watu wapatao 50.

Ndugu, fikirini jambo hili. Alama zilikuwapo na taa zilikuwapo, lakini alama isiyoeleweka mara moja na kila mtu haitoshi.

Baada ya hapo kazi ya kupatana ikaharakishwa. Utaratibu mpya ulianza kutumika mwaka 1977, na Novemba 1980 wajumbe wa nchi 50 walikutana Tokyo wakakubali kanuni moja ya dunia, yenye maeneo mawili kama tulivyoeleza. Mwaka 2002 meli Tricolor ilizama karibu na pwani ya Ufaransa, na mabaki yake yakagongwa na meli nyingine. Ndipo likabuniwa boya la dharura la meli iliyozama, lenye mistari ya wima ya buluu na njano.

4. Boya nalo lina mfanyakazi wake

Mnyororo wa boya huwa mrefu kuliko kina cha maji, ili boya lipande na kushuka na mawimbi. Sehemu inayosuguana na sakafu huliwa siku zote. Rangi hubabuka, taa hufa, vinyesi vya ndege hufunika vioo vinavyokusanya umeme wa jua. Kwa hiyo boya ni lazima linyanyuliwe, likwanguliwe, lipakwe rangi na lipimwe tena kama liko mahali pake. Boya lililohama ni baya kuliko mahali pasipo na boya, kwa sababu linasema uongo na watu wanaliamini.

Haya niliyaona mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilikuwa kibarua wa magunia katika meli ndogo ya ziwani. Usiku mmoja tulikuwa tunaingia bandari moja ndogo tukiwa na shehena ya sukari. Mshika usukani, mzee niliyemheshimu sana, aliliacha boya upande uleule aliouzoea miaka yote. Tukapanda mwamba. Mwenzetu mmoja alivunjika mguu, na magunia mengi yakalowa. Asubuhi tukaona boya limeburutwa mbali na mahali pake.

Mwajiri alisema, "Mzee alilala kazini." Akamfukuza, akataka na hasara ikatwe katika malipo yake ya mwisho.

Katibu wa tawi letu hakupiga kelele. Aliuliza maswali matatu: boya lilikaguliwa lini mara ya mwisho, ni nani mwenye kazi hiyo, na kama kuna mtu aliyetoa taarifa. Lilipofunguliwa daftari la getini la bandari, ilionekana kwamba siku 11 kabla ya ajali wavuvi walikuja kusema boya limehama. Karani aliandika. Hakuna aliyekwenda kulitazama.

Mzee alirudishwa kazini na mshahara wake haukukatwa. Tangu siku hiyo nilianza kushika kalamu na daftari, na sijaviacha.

5. Tujifunze nini

Kwanza, alama ya hatari ni lazima iwe na maana moja kwa wote. Je, kengele ya kiwandani kwenu ina maana moja kwa zamu zote? Mfanyakazi mgeni anaijua?

Pili, alama isiyotunzwa ni mtego.

Tatu, mkiona alama imeharibika, semeni, na hakikisheni imeandikwa pamoja na tarehe. Wavuvi wale hawakuwa wanachama wetu, wala hawakumjua mzee. Neno lao lililoandikwa ndilo lililomwokoa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja sehemu tatu za boya. Ni ipi inayochakaa bila kuonekana?
2. Kwa nini Niki ilizama ingawa alama zilikuwapo?
3. Taja alama moja ya hatari mahali penu pa kazi. Nani anaitunza? Ilikaguliwa lini?
4. Likitokea jambo usiku wa leo, taarifa yenu imeandikwa wapi?

Swali la nne msilijibu kwa mdomo tu. Nendeni mkalitazame daftari.