Mgonjwa wa Moyo Anaposahau Dawa



Kuna neno tunalolisikia mara kwa mara wodini kutoka kwa ndugu wa wagonjwa: "Mzee huyu ni mkaidi." Aliruhusiwa wiki tatu zilizopita akiwa hana uvimbe, akapewa vidonge, akaelezwa apunguze chumvi. Leo anarudishwa miguu imevimba hadi magotini, hawezi kulala ila ameegemea mito mitatu, na vidonge vimo karibu vyote kwenye pakiti. Mara nyingine ni ukaidi kweli, na mara nyingine nauli ya kliniki imekosekana. Lakini kwa mtu wa miaka 65 au 70 mwenye ugonjwa wa moyo, lazima tuulize na swali jingine: je, kumbukumbu yake ingali sawa?

Moyo kushindwa kazi si moyo kusimama. Ni nguvu yake ya kusukuma damu kupungua, hata maji yakajikusanya mapafuni, miguuni na tumboni. Chanzo kikubwa huku kwetu ni presha iliyokaa miaka mingi bila kutibiwa. Utafiti uliofanywa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2012 na 2013 kwa wagonjwa 427 wa moyo ulikuta kwamba karibu nusu yao walifikishwa hapo na presha. Na presha hiyo hiyo huharibu mishipa midogo ya ubongo. Tena moyo dhaifu hupeleka damu pungufu kichwani. Basi mzee huanza kuuliza jambo moja mara tatu, hukosea chenji dukani, au huacha sufuria motoni.

Watu husema, "Ni uzee tu." Wengine hutafuta aliyemroga. Wakati huo mzee amebaki na vidonge vya aina nne au tano avipange mwenyewe, ajue kwamba uzito ukiongezeka kilo 2 kwa siku 3 ni maji yanarudi, na akumbuke kwamba ng'onda na papa mkavu vina chumvi nyingi. Kazi hiyo humshinda hata kijana.

Kumbukumbu inaweza kupimwa, na hakuna sindano. Ni maswali tu. Vipimo vingi vya Ulaya humtaka mtu asome, aandike au achore, kwa hiyo bibi ambaye hakwenda shule huonekana mgonjwa kumbe ni mzima. Ndiyo sababu madaktari wa Tanzania na wenzao wa Uingereza walitengeneza kipimo kifupi, kiitwacho IDEA, katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kikatangazwa mwaka 2014. Mzee huulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa mahali pake ni nani, daraja ni nini. Hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hupanga njiti za kiberiti kwa mfano anaoonyeshwa, na hukumbuka maneno aliyosomewa muda mfupi uliopita. Kalamu haihitajiki. Akishindwa, haina maana kwamba tayari ana ugonjwa wa akili. Maana yake daktari amchunguze zaidi.

Msitumie rozari kuwa kipimo. Sala za tangu utotoni hubaki hata pale kumbukumbu ya jana imekwisha potea.

Wakati wa kupima nao una maana. Mzee anayehema na kuvimba hatajibu vizuri. Apimwe uvimbe ukishapungua. Asiyesikia vizuri akae karibu na mpimaji, na mwenye mtoto wa jicho asaidiwe kwanza. Lakini akichanganyikiwa ghafla, kwa saa chache au siku moja mbili, akawa anaona vitu visivyokuwapo au anasinzia mchana kutwa, msingoje tarehe ya kliniki. Huenda ni malaria, nimonia, figo, au chumvi ya damu kushuka kwa sababu ya dawa ya kukojoa. Mpelekeni hospitali siku ile ile.

Ikithibitika kumbukumbu imepungua, dawa za moyo haziachwi. Mtu mmoja wa nyumbani azishike, ampe mkononi na kumwona akimeza. Kumuuliza "Babu, umekunywa dawa?" hakusaidii, maana atajibu "ndiyo" kwa moyo mweupe. Hesabuni vidonge, lakini si mbele ya wajukuu wakamcheka. Dawa ya kukojoa apewe asubuhi, asije akaamka usiku gizani akaanguka. Akikosa dozi moja, msimpe mbili kwa pamoja.

Mkija kliniki, leteni dawa zote kwenye mfuko, pamoja na za miti shamba na zile za kununua dukani. Na aje yule anayeishi na mzee. Mara nyingi huletwa na mtoto aliyefika jana kutoka Dar es Salaam, mwenye fedha na gari, na tukimuuliza mzee alianza kusahau lini, anapiga simu nyumbani kumuuliza dada wa kazi.