Barua Isiyovurugika Ikifunguliwa Kwenye Kompyuta Nyingine

Mkazi wa Banissa akichapa barua ya kuomba basari kwa LibreOffice, afisa anayeifungua kwa Word huenda akakuta jedwali limevurugika na sahihi imerukia ukurasa wa pili. Mara nyingi fonti iliyotumika haipo kwenye kompyuta ya pili. Upana wa herufi ukibadilika, mistari husogea.

Zingatia haya:

1. Chagua karatasi ya A4 (milimita 210 kwa 297) kabla ya kuchapa.
2. Tumia fonti ya kawaida, kama Times New Roman.
3. Panga safu kwa jedwali, si kwa nafasi tupu. Ukurasa mpya: bonyeza Ctrl na Enter.
4. Weka nakala ya .docx ya kurekebisha. Tuma ya PDF, ambayo hudumisha mpangilio.